Morningside kwa miguu: lala Morogoro, uanze kabla ya jua

Nimepanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi na kichwa kinaniuma. Mara ya pili nilirudi na mfuko wa karoti na hamu ya kupanda tena. Mlima ni uleule. Kilichobadilika ni saa ya kuanza na mtu aliyenitangulia njiani.

Ile ya kwanza nililipia safari ya kundi kutoka Dar, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tulifika Morogoro jua limeshapanda, wengine wakataka supu kwanza, tukaanza kutembea saa tano. Sehemu kubwa ya njia inapita mashambani, kivuli ni cha kutafuta. Aliyetuongoza naye alikuwa mgeni, kila njia panda anauliza wapita njia. Nusu yetu tuligeuza kabla ya kufika. Hela iliniuma, lakini siku iliyopotea iliniuma zaidi.

Safari hii nikapanga mwenyewe. Nilipanda treni ya SGR Ijumaa jioni, daraja la kawaida, nauli 13,000, na chini ya saa mbili nilikuwa Morogoro. Beba kitambulisho na uwahi stesheni, maana ukichelewa hawakusubiri. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo tenga na hela ya bajaji. Nikalala gesti ya kawaida mjini, na mwenye gesti akanitafutia kijana Mluguru aliyekulia hukohuko mlimani. Tukapatana 30,000 kwa siku nzima kabla ya kuondoka. Hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Saa kumi na mbili na nusu tukaanza. Kuna barabara mbovu ya magari inayopanda hadi Morningside, ila kijana alinipitisha vichochoro vinavyoikata, katikati ya migomba na maharage yaliyopandwa kwenye miteremko mikali kama ukuta. Akanionyesha mteremko mmoja na kunisimulia mwaka 1955, Waluguru walipokataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuwalazimisha kuchimba matuta. Nikiwa nahema pale, fimbo mkononi, nilielewa vizuri kazi ya kuchimba udongo ule ingekuwaje.

Njiani tulipishana na akina mama wanashuka sokoni, matenga ya mboga kichwani, wengine wamevaa kandambili, nami na buti zangu nashika majani. Kila mara ni "Shikamoo mama", "Marahaba, karibu." Mmoja alisimama kabisa, tenga kichwani halitikisiki, akaniangalia jasho linavyonitoka: "Pole mwanangu. Bado kidogo, kunywa maji." Nikanywa. Beba lita mbili kwa mtu mmoja, usipungukiwe.

Kwa mwendo wangu wa kusimamasimama tulitumia karibu saa tatu. Morningside yenyewe ni nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, imechakaa, na kama unafuata jengo utasikitika. Mandhari ndiyo ya kufuata. Mji kasoro bahari wote uko chini ya miguu yako, mabati yanamemeta, na upande wa magharibi bwawa la Mindu limelala. Nyuma yako msitu umefunikwa na ukungu, na ubaridi wake unausikia shingoni. Beba sweta, nililiona zito wakati wa kupanda, pale juu nikalikumbatia. Milima hii ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaotunywesha sisi wa Dar. Nimefungua bomba miaka yote bila kuwaza maji yanatoka wapi. Nilikaa pale karibu saa nzima na sikutaka kuondoka.

Kushuka ndiko kunakotesa magoti. Udongo mwekundu ukipata hata umande unateleza vibaya, kwa hiyo viatu vya soli laini viache nyumbani, na ile fimbo usiitupe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi nisingekwenda. Karoti nilinunua kwa mama mmoja njiani wakati wa kushuka, bado zina udongo.

Kuna watu watakushawishi uunganishe na Lupanga. Usikubali kirahisi. Lupanga ni kilele cha zaidi ya mita 2,100, kiko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, kibali unakifuata TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na kinataka siku yake na mapafu yake. Morningside inamtosha mtu mwenye afya ya kawaida anayetembea kidogokidogo. Tulimkuta juu baba mmoja wa makamo aliyekuja na binti zake wawili, mdogo yuko darasa la tano, na wote walikuwa wanakula ndizi wakicheka.

Kwangu ni nyota tano kwa kijana na mlima, nne kwa gesti, maana chai ya alfajiri niliyoagiza haikuwa tayari nikaondoka na mkate mkavu. Agiza jioni, na chupa uikabidhiwe kabisa kabla hujalala.