Taa nzuri, mhudumu hapana: siku nilipopiga picha ya juisi inayoruka

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka hasira zipoe kwanza. Hazijapoa.

Studio yenyewe iko Dar, ya kukodi kwa saa, jina siandiki. Nilikwenda na mteja wangu, mama anayetengeneza juisi ya ukwaju na kuiuza kwenye chupa. Alitaka picha ya juisi ikiruka kutoka kwenye glasi, kila tone limeganda hewani. Kazi hiyo haifanywi na shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kujifunga. Unatia chumba giza, na kinachogandisha tone ni mwako wa flashi. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, alishalionyesha hilo kwa tone la maziwa mwaka 1957. Ndiyo maana nilikodi taa zao kubwa, ambazo zikipangwa sawasawa mwako wake haufiki hata 1/10,000 ya sekunde.

Picha za kwanza zikatoka mbaya. Nilipozikuza kwenye laptopu, kila tone lilikuwa na mkia wa kahawia, ilhali ukingo wa glasi umekaa makini kabisa. Kwa hiyo fokasi ilikuwa sawa. Nikatazama taa: imefunguliwa nguvu zote! Kwa nguvu zote mwako haukatiki haraka. Ukidumu 1/700 ya sekunde, tone linaloruka mita 2 kwa sekunde linasogea karibu milimita 3 kabla mwanga haujazima, na tone lenyewe pengine halizidi hapo. Nikamwomba mhudumu ashushe nguvu na aiweke taa kwenye mwako mfupi, maana wamebandika ukutani kwamba mteja haruhusiwi kugusa taa.

Unajua alinijibu nini? Macho kwenye simu: "Bro, ongeza shata." Nikamweleza kwamba kamera yangu ikitumia flashi, kasi ya shata mwisho wake ni 1/200 ya sekunde; ikizidi hapo pazia halifunguki lote kwa pamoja. "We ongeza tu." Nikapandisha hadi 1/1000 ajionee mwenyewe. Utepe mweusi ukafunika sehemu kubwa ya picha. Akautazama, kisha akamgeukia mteja wangu, si mimi: "Mama, tatizo kamera. Wenye kamera za maana hawalalamikagi hapa."

Mbele ya mteja wangu! Mama wa watu ameamka alfajiri kuchuja ukwaju, amebeba ndoo mbili kwenye bajaji, sasa anaanza kunitazama kama tapeli. Tukibishana wawili faragha, sawa. Kunishusha mbele ya anayenilipa ni kunikatia riziki, na mtu anayefanya hivyo hafai kushika funguo za studio. Tukaendelea kumwaga juisi na kudeki sakafu, kumwaga na kudeki, mpaka ndoo ya kwanza ikaisha.

Jioni wakabadilishana zamu. Akaingia dada mmoja, akamwamkia mama shikamoo, akaangalia sakafu, akauliza, "Mnarusha maji?" Basi. Akabadilisha taa kwenda mwako mfupi, akashusha nguvu hadi 1/32 ya nguvu zote, akazisogeza karibu na glasi kufidia mwanga uliopungua. Akanipa na kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi, maana mwako ukikatwa mfupi rangi huvutwa kwenye ubuluu na ukwaju ungepoteza ule wekundu wake. Yote hayo hayakumchukua muda wa kunywa chai.

Jamani! Matone yalisimama hewani kama shanga. Nilipokuza moja nikaona ndani yake umbo la softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa taa kulainisha mwanga, pembe zote nne. Mama alipiga kigelegele. Kwa upande wa taa sina neno: ni nzuri mno, na yeyote anayepiga wacheza ngoma, nywele zinazorushwa au unga unaotimuliwa azikodi.

Nilikuwa tayari kuwasamehe. Ikaja bili. Wametutoza muda wote, na ule uliopotea kwa sababu ya kijana wao umo. Nikauliza, na yeye ndiye aliyenijibu, alikuwa hajaondoka: "Saa ni saa, bro." Hapo nikasema siwapi hata nyota moja, japo yule dada anastahili zote tano.

Sasa mama anataka na juisi ya embe ipigwe vilevile. Taa za namna ile kwingine sijaziona kwa bei ninayoimudu, kwa hiyo nitarudi, ila jioni, na nikimkosa yule dada nageuza. Hela ya muda ule bado nawadai.