TrueNAS kama hifadhi ya mashine pepe za ofisi: uzoefu wangu

Nahudumia mifumo ya ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tuna seva mbili za Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), na juu yake mashine pepe za uhasibu, za mafaili ya wafanyakazi na ya Windows inayosimamia akaunti zote. Nilihitaji hifadhi moja ya mtandao inayosomwa na seva zote mbili, ili moja ikifa, mashine ziwashwe kwenye nyingine. Nikachukua TrueNAS SCALE, mfumo wa kuendesha hifadhi ya mtandao, ile iliyojengwa juu ya Debian (aina ya Linux) na kutumia ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski. Naikubali kwa moyo wote. Ila kama una seva moja tu ya Proxmox, weka diski ndani yake na usijipe kazi ya bure.

Wengi wakipanga NAS (hifadhi ya mtandao) huanza na swali la terabaiti. Kwa mafaili ya kawaida ni sawa. Mashine pepe ni kazi nyingine: kila moja inaandika vipande vidogo vidogo, huku na huku, zote kwa wakati mmoja, na diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhimili maombi ya namna hiyo kama mia moja tu kwa sekunde. Kwa hiyo mpangilio una uzito kuliko ukubwa. Chukua diski nne. Ukizipanga RAIDZ2, mpangilio wa ZFS unaotenga nafasi ya diski mbili kwa ajili ya ulinzi, unabaki na nafasi ya diski mbili. Ukizipanga jozi mbili, kila jozi ikiandika kitu kilekile mara mbili, nafasi ni ileile. Lakini kwa kazi hii RAIDZ2 huenda kwa mwendo wa diski moja hivi, wakati jozi huandika kama diski mbili na kusoma kama nne. RAIDZ2 nayo ina heri yake: zikifa diski mbili zozote, data ipo. Kwenye jozi, zikifa zote mbili za jozi moja, kila kitu kimeondoka. Nilichagua jozi, na bakapu ya kila usiku inakwenda kwenye mashine nyingine kabisa.

Diski zenyewe ni SSD za seva (diski zisizozunguka), zenye kapasita ndani, yaani kijihifadhi kidogo cha umeme. Ni ghali, na bosi aliuliza kwa nini tusichukue za dukani za kawaida. Sababu ni umeme. Programu ya uhasibu ikihifadhi ankara, inasubiri hifadhi iseme "nimeandika kweli". SSD yenye kapasita inaweza kujibu papo hapo, maana hata umeme ukikatika ina nguvu ya kumalizia. Ya kawaida hujikokota. Utashauriwa uzime huo usubirifu kwa kuweka mpangilio wa ZFS uitwao sync kuwa disabled, na kasi itapanda kweli, lakini umeme ukikatika unapoteza maandishi ya sekunde kadhaa ambayo hifadhidata iliahidiwa yapo salama. Kwa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, mimi sikubali.

Mtandao ulitugharimu kidogo kuliko nilivyotegemea. Gigabiti moja hukupa kama megabaiti 110 kwa sekunde, ndogo kwa mashine zote hizo. Badala ya swichi ya gigabiti 10, nilinunua kadi yenye milango miwili, kila mlango kebo moja kwa moja hadi seva yake. Kuhamisha mashine inayoendelea kufanya kazi sasa ni kuhamisha RAM yake tu. Diski yake haisogei.

UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ndiyo iliyonifikirisha zaidi, kwa sababu ya mpangilio wa kuzima. NAS ikizimika kwanza, mashine pepe zinanyang'anywa diski zikiwa hai. TrueNAS ina huduma ya UPS ndani yake: inasoma chaji kupitia waya wa USB, inaziambia seva zizime, kisha nayo inafuata. Ujumbe huo nimeupitisha kwenye zile kebo za moja kwa moja, kwani swichi ya ofisi haiko kwenye UPS. Kabla ya kuhamishia data halisi nilichomoa waya wa umeme wa NAS makusudi, mashine ya majaribio ikiwa inaandika. Iliporudi nikaendesha scrub, ukaguzi wa ZFS wa data yote: makosa sifuri. Nikachomoa diski moja. Barua pepe ya tahadhari ikaja, mashine zikaendelea. Diski nyingine ilipoingia, ZFS ilinakili sehemu zenye data tu.

Malalamiko? Ruhusa za mafaili zimesukwa kwa namna inayochosha hata mzoefu. Diski ya kuwashia mfumo inaliwa yote, huwezi kuweka data yako humo. Na nafasi usiijaze; mimi huanza kupunguza mizigo mapema, kabla haijagusa asilimia 80, maana ZFS ikikaribia kujaa huwa nzito. Masasisho nayafanya Jumamosi mchana, mashine zote zikiwa zimezimwa, kwa kuwa NAS ikiwashwa upya seva zote mbili hubaki bila diski hadi irudi.