Karabai ya kushonwa niliyoinunua mnadani: uzoefu wangu

Nilikwenda kwenye mnada mmoja wa Capri Point, Mwanza, nikiwinda meza. Nikarudi juu ya bodaboda nimepakata karabai isiyowaka, ambayo ukiiweka chini inakaa wima dakika mbili, kisha inalala upande kama mlevi wa asubuhi.

Ni sanamu laini. Karabai ile ile, taa ya mafuta ya kujazwa upepo kwa pampu, waliyotumia wavuvi wa dagaa kabla wengi hawajahamia taa za sola, ila hii imeshonwa na ina kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Tangi ni leza ya rangi ya fedha, ile ya mafundi sofa. Mpini ni kamba iliyovishwa kitambaa, unaning'inia tu. Kilichonimaliza ni pampu: imeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, na ukiibonyeza inazama halafu inarudi taratibu.

Bei ya kuanzia 40,000. Nikadhani niko peke yangu, kumbe kuna dada nyuma kule naye anaitaka. Tukapandishiana hadi 135,000, dalali akahesabu mara tatu, ikawa yangu. Kwenye kulipa ndipo naambiwa kuna asilimia 10 ya dalali juu yake. 148,500! Mwanzoni hakuna aliyelitamka hilo, na linanikera hadi leo.

Karatasi ya maelezo ilisema imejazwa pamba. Nikaamini, Usukumani pamba itatushindaje? Wiki ya pili mshono wa chini ukaachia, vikamwagika vipande vya godoro vya rangi tatu. Kupiga simu, najibiwa: "Cha mnadani hakirudi, kaka." Na siku ya kukagua ilikuwa na kibao "Usiguse". Sanamu laini, usiguse! Sasa uikague kwa nini, kwa pua?

Mpwa wangu anayesoma sanaa akanionyesha kazi za Claes Oldenburg, Mmarekani mzaliwa wa Sweden aliyefariki 2022. Mwaka 1963 alitengeneza simu ya kulipia, laini hivi hivi, ya plastiki iliyojazwa sufi. Iko jumba la makumbusho la Guggenheim, New York. Sufi, hii hii ya mito! Nikatafuta sufi, fundi cherehani wa Mabatini akaitoa sponji yote na kujaza upya kwa 15,000. Sasa ni nyepesi, inainama bila ile mikunjo ya ubishi.

Karabai naipa nne kwa tano. Mnada, mbili, na hizo kwa sababu chai ilikuwa ya bure.

Mama, aliyeanika dagaa Igombe miaka mingi, alinisema wiki nzima: pesa yote hiyo kwa taa isiyowaka? Juzi nimeingia sebuleni kimya kimya, nikamkuta ameinama, kidole gumba kwenye pampu, anajaza upepo.