Mifuko ya Keria ya Ortlieb Back-Roller Classic: Tathmini ya Masika, Dar es Salaam hadi Iringa

Anayesafiri kwa baiskeli wakati wa masika kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa atalowa tu, hata avae koti la aina gani, na akishalikubali hilo kinachobaki ni kuamua vitu gani visiguswe na maji kabisa. Katika msafara wetu wa kuchangisha fedha za madawati vitu hivyo vilikuwa vichache: nguo za kulalia, simu, dawa, na zaidi ya vyote kitabu cha stakabadhi pamoja na fomu za ahadi za wachangiaji. Nilivibeba katika jozi ya mifuko ya Back-Roller Classic inayotengenezwa na kampuni ya Ortlieb ya Ujerumani. Mwenzetu mmoja aliinunua kwa fedha zake mwenyewe, na ninalitaja hilo mapema kwa sababu njiani watu walituuliza, tena kwa haki, iwapo vifaa vyetu vilitokana na michango yao.

Hartmut Ortlieb alianzisha kampuni hiyo mwaka 1982, baada ya safari ya baiskeli nchini Uingereza ambako mvua ilimlowesha yeye na mizigo yake, ilhali mizigo ya malori yaliyompita ilikuwa mikavu chini ya maturubai. Akarudi kwao akashona mifuko ya kwanza kwa turubai la lori. Utingo yeyote wa njia ya Tunduma angemwelewa papo hapo. Siku hizi kitambaa chake ni cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC, na vipande vyake havishonwi kwa uzi bali huunganishwa kwa kuyeyushwa, kwa hiyo hakuna matundu ya sindano ya kupitisha maji. Mdomo nao hauna zipu: unaukunja mara 3 au 4, kisha unaubana kwa klipu ya plastiki. Jozi nzima hubeba lita 40 na uzito wake haufiki kilo 2. Kiwango chake cha kinga ni IP64, maana yake vumbi haliingii na maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaingii, lakini haikuahidiwa kwamba mfuko ukizama mtoni utabaki mkavu.

Tofauti hiyo ina uzito katika barabara hii, kwa sababu adui mkubwa si mvua inayotoka juu. Kuanzia Chalinze malori ya mafuta na ya shaba hupita mfululizo, na kila moja humwaga ubavuni mwa baiskeli maji machafu yaliyochanganyika na mchanga na mafuta ya dizeli, yakija kwa nguvu kutoka chini, upande ambao mifuko mingi ya kawaida haina kinga. Sehemu ya mfuko inayotazama gurudumu la nyuma ilifika Morogoro ikiwa imepakwa tope zito jeusi. Nilipoufungua, soksi za juu kabisa zilikuwa kavu, na kunawisha mfuko wenyewe kulihitaji kopo moja la maji tu.

Baada ya Doma barabara huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kupita ndani yake kwa takriban kilomita 50, mahali ambapo huna ruhusa ya moyo wala ya akili kusimama na kupangua mizigo. Hapo ndipo muundo wa mfuko huu unapomlazimisha mtu awe na mpangilio. Ndani ni chumba kimoja kirefu chenye kimfuko kidogo upande wa nyuma, basi kilichowekwa chini hukipati mpaka utoe vyote vya juu, na mdomo ukiwa wazi mvua inaingia kama kawaida. Tyubu ya akiba, viraka na solusheni nilivihamishia kwenye mkoba mdogo chini ya siti, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo.

Mtihani halisi ulikuwa Kitonga. Tulianza kupanda tukitokea Ruaha Mbuyuni, ambako wauza vitunguu walikuwa wamechanga noti zilizolowa, na mvua haikutuacha katika kona zote zile, huku ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba viakisi mwanga vya mifuko ndivyo vilivyomwonyesha aliye nyuma mwenzake yuko wapi. Ilula nilitoa kitabu cha stakabadhi: karatasi za kaboni zilikuwa hazijashikana, na nakala za bluu zilisomeka hadi senti.

Hata hivyo, kinachozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Ukitia nguo mbichi jioni, asubuhi utakuta unyevu umesambaa kwa kila kitu na harufu yake haivumiliki; nguo za namna hiyo zifungwe juu ya keria, nje. Kitambaa kikitoboka, solusheni ya kuzibia tyubu haishiki vizuri kwenye PVC, kwa hiyo beba gundi ya PVC na kipande cha turubai. Bei nayo si ya mchezo, kwani hata huko Ulaya jozi huzidi euro 100. Kwa safari za kwenda sokoni, kiroba chenye mfuko wa nailoni ndani kinatosha na sioni sababu ya kununua zaidi ya hapo.

Anayeamua kununua apime kwanza vyuma vya keria yake. Ndoano za mfuko hushika chuma chenye unene usiozidi milimita 16, na kwa vyembamba kuna vipachiko vya plastiki vya milimita 8, 10 na 12, ambavyo visipowekwa mfuko hucheza na kukwangua rangi. Keria iliyochomelewa kwa nondo ya milimita 12 inafaa. Ya bapa, kama nyingi za baiskeli za kubebea magunia, haifai mpaka fundi aongeze fito ya mviringo kila upande.