Mrejesho wangu: kusomea ubingwa wa moyo, ada unalipa wewe na koli unakesha wewe

Kila msimu wa maombi ya MMed (shahada ya ubingwa) ukifika simu yangu inajaa meseji za maintani (madaktari wapya walio mazoezini) wanauliza kitu kilekile, dokta moyo unalipa? dokta ni ngumu? dokta niende moyo au niende ngozi nilale usingizi wangu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika mara moja, na ukishasoma ukaamua kwenda ngozi sitakulaumu. Nimemaliza mwaka jana, kumbukumbu bado za moto na mgongo pia. Hospitali nliyosomea sitaitaja, niseme tu ni ya rufaa, kubwa, na lifti yake inafanya kazi siku inazojisikia.

Nianze na njia yenyewe maana hata ndugu zangu hawaielewi. Hapa Tanzania hutoki kwenye udaktari ukaruka moja kwa moja kwenye moyo. Unasoma MD (shahada ya udaktari) miaka 5, intani mwaka 1, unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mimi nikaenda wilayani nikapiga kazi miaka 2 (wodi, leba, mochwari, kliniki ya mama na mtoto, kila kitu), alafu MMed ya magonjwa ya ndani miaka 3 ndo unaitwa bingwa, alafu juu yake MSc ya kadiolojia miaka 2 ndo unakuwa bingwa bobezi. Piga hesabu mwenyewe. Mama mdogo hadi leo tukikutana msibani ananiuliza "we mtoto hiyo shule inaisha lini", na pembeni yake kakaa mdogo wangu aliyesomea uhasibu, ana nyumba Chanika na watoto watatu.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla: rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa huku ni mwanafunzi. Marekani anasoma miaka 3 ya magonjwa ya ndani na 3 ya moyo lakini anapokea mshahara, na tangu 2003 kuna kanuni kwamba asifanyishwe kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki, kama wanaifuata au hawaifuati ni mambo yao ila ipo. Mimi nlikuwa na namba ya usajili ya chuo, nalipa ada ya mamilioni kila mwaka, nahesabiwa mahudhurio kama niko fomu two, alafu saa 8 usiku moyo wa mtu ukisimama anayeitwa ni mimi. Hizo saa 80 hakuna aliyenihesabia. Kama una mwajiri kakupa ruhusa na mshahara unaendelea kuingia, au umebahatika kupata ufadhili wa serikali kama ule wa Samia, unapumua. Ukiingia kwa hela yako jipange haswa. Kwenye darasa letu kulikuwa na jamaa alikuwa anatoka koli (zamu ya usiku) asubuhi, anapiga raundi, jioni anaenda patitaimu dispensari Mbagala hadi saa 4 usiku, kesho tena. Siku moja kwenye raundi kubwa akalala kasimama, faili kashika mkononi, hata halijaanguka. Prof akamwangalia muda mrefu, akasema mleteeni kiti, akaendelea na mgonjwa. Hakufoka. Ile kutofoka ilituuma kuliko angefoka.

Mwaka wa kwanza usitegemee moyo kabisa. Ni sukari, figo, TB, VVU, sumu ya nyoka, ini. Nlikuwa nalalamika napotezewa muda, sahivi najua sikupotezewa, maana mgonjwa wa moyo wa kwetu haji na moyo peke yake, anakuja na figo zimechoka kwa presha ya miaka 15 ambayo alikuwa anaitibu siku kichwa kikiuma tu.

Mwalimu wangu wa ECG (mchoro wa umeme wa moyo) hakuwa na shahada. Alikuwa sista wa wodi ya wanaume, yuko karibu kustaafu, anatunza ECG za zamani kwenye boksi la glavu, na kila nikiingia koli ananichomolea moja: "Soma hii dokta kabla hujanywa chai." Mimi na vitabu vyangu najua karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kila kiboksi kikubwa ni sekunde 0.2, unagawa 300 kwa idadi ya viboksi vikubwa kati ya pigo na pigo unapata mapigo kwa dakika, nafurahiii. Siku moja kanipa moja nikamwambia huyu ana shida kubwa sana, mawimbi ya lidi ya kwanza (mstari wa kwanza wa mchoro) yote yameangalia chini. Akacheka hadi akavua miwani. Waya za mikono zilikuwa zimebadilishwa, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. "Na aliyezifunga ni wewe, jumanne." Chai siku hiyo niliinywa ya baridi.

Lakini kilichonifanya nisihame kwenda ngozi kilitokea mwaka wa pili. Aliletwa mama kijana wa miaka 23 kutoka Rufiji, mimba ya miezi 6, anakohoa povu la rangi ya waridi, hawezi kulala, kakaa kitandani kashikilia chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Huko nyuma alikuwa anatibiwa pumu miezi miwili na inhela yake mkononi. Nikamsikiliza, mapafu yanachemka kama sufuria, moyo unakimbia, nikaandika kwenye faili "sauti za moyo ni za kawaida" kwa sababu saa 9 usiku kila kitu ni cha kawaida. Asubuhi Prof kasoma mstari huo kwa sauti mbele ya watu kumi na nne. Akaniambia, mgeuze mama alalie ubavu wa kushoto kidogo, tumia kengele ya stetoskopu, usibonyeze, iweke kama unavyomfunika mtoto aliyelala, alafu funga macho na uache kutafuta. Nikafunga macho. Kwanza sikusikia kitu, alafu kikaja, chini kabisa, mngurumo kama lori linalopita barabara ya mbali usiku, linapita, pigo, linapita tena. Valvu ya maitro (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) imebana. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ikaonyesha tundu la sentimita za mraba 0.8 wakati mtu mzima wa kawaida ana kama 4 mpaka 6. Chanzo chake ni madonda ya koo ya utotoni yaliyoachwa yapite yenyewe, mwili unapigana na bakteria unaishia kujeruhi valvu, miaka inapita kimya, mimba inakuja damu inaongezeka mwilini ndo siri inatoka. Penisilini ya bei ndogo wakati ule ingetosha.

Tulimpunguza maji, tukashusha mapigo, siku chache baadaye akaingizwa kathilabu (chumba cha kupitisha mipira kwenye mishipa hadi moyoni) kufunguliwa valvu kwa puto. Tumbo tukalifunika aproni ya risasi ya kuzuia mionzi. Kazi yenyewe sijui niielezee vipi, unaingilia kwenye mshipa wa paja, unapanda hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo, unatoboa ukuta katikati kwenda kushoto, alafu unapitisha puto la Inoue, Mjapani aliyelibuni miaka ya 1980, linavimba upande mmoja kwanza, alafu mwingine, linabaki na kiuno kama ngoma ya msondo iliyobanwa katikati, alafu kiuno nacho kinafunguka, sekunde chache tu na unalifanya linywee haraka maana kwa sekunde hizo umeziba njia. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika waya usicheze. Mikono ilitoka jasho ndani ya glavu. Kwenye skrini presha ya chumba cha kushoto ikashuka pale pale, unaiona inashuka. Yule mama aliposhushwa mezani aliuliza kitu kimoja tu, kama anaruhusiwa kulala chali. Miezi miwili alikuwa hajalala chali.

Kwa hilo tu natoa nyota 4 kati ya 5. Ukiniuliza ile moja imeenda wapi, sogea karibu.

Mashine ya eko. Tulikuwa marezidenti saba kwa mashine moja nzuri, na probu yake iliharibika tukakaa miezi tunapigania ile mbovu inayoonyesha moyo kama upo kwenye mvua. Nzuri nyingine ilikuwepo, kwenye chumba kimefungwa, funguo anayo mtu mmoja na mtu huyo yuko likizo, na likizo yake ikiisha yuko semina Morogoro. Eko ni kitu cha mkono, huwezi kujifunza kwa kuangalia wenzako, lazima upake jeli wewe, ukosee wewe, bega likuume wewe. Mimi nlikuwa nakuja jumamosi saa 12 asubuhi kabla hawajaamka watu, na wagonjwa wenyewe walinizoea, mzee mmoja akiniona na jeli anasema "ameshakuja yule wa baridi".

Alafu disateisheni (andiko la utafiti). Kibali cha maadili cha utafiti wangu kilikaa mezani kwa watu hadi nikasahau swali la utafiti, supavaiza nikimtumia sura ya pili anajibu "nimeiona", basi, neno moja. Na huyo Werner Forssmann, kijana wa Kijerumani, 1929 alijichoma mpira kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe akausukuma hadi moyoni, akatembea kwa miguu yake kwenda kupiga eksirei, 1956 akapewa Nobel. Angekuwa kwetu kamati ingemrudishia fomu kwa sababu hajaweka bajeti ya nauli. (Natania, ila kidogo tu.)

Kitu kingine ambacho ada haikufundishi ni hela ya mgonjwa. Tulikuwa na kijana mvuvi wa upande wa Kilwa, kawekewa valvu ya chuma, katoka anatembea vizuri, tumempa wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na maelezo yote. Mtu wa valvu ya chuma anakunywa wafarini maisha yake yote, na damu lazima ipimwe INR (inachelewa kiasi gani kuganda) mara kwa mara, kwa valvu ya maitro ya chuma tunataka iwe kati ya 2.5 na 3.5, ikishuka damu inaganda kwenye valvu, ikipanda sana anavuja. Kijijini kwake hapakuwa na kipimo. Nauli ya kwenda kupima ni mauzo ya samaki ya siku kadhaa. Fizi zikaanza kutoka damu, mtu kamshauri aache dawa, kaacha. Alirudi valvu imeshika, haifunguki, na hakukaa wodini siku nyingi. Nlisoma faili lake lote kuangalia nani alimuuliza "utapima wapi?" kabla ya upasuaji. Hakuna. Na mwandiko wa ukurasa wa ruhusa ulikuwa wangu. Sahivi swali hilo nauliza kwanza, kabla hata ya eko, na wakati mwingine jibu linabadilisha aina ya valvu tunayopendekeza.

Mtihani wa mwisho sina mengi, unakuja mtahini wa nje, unapewa mgonjwa na muda, mgonjwa anaweza kukuchukia bila sababu na unaweza kupata sapu (kurudia mtihani). Mimi nilipata mzee mpole aliyeninong'oneza "hapo hapo, wengine wamesikiliza hapo". Mungu amrefushie umri.

Kuhusu wapi pa kusoma, msiniulize majina. Zamani mtu akiwa na tatizo kubwa la moyo hadithi ilikuwa India, kibali, pasipoti, michango ya ukoo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipotoka kwenye kuwa kitengo cha Muhimbili ikajitegemea 2015 mambo yalibadilika, na kwetu sisi wanafunzi maana yake ni kwamba wagonjwa wa kujifunzia na mikono ya kujifunzia vyote viko hapahapa. Popote utakapoomba, nenda kwanza siku ya kawaida, usiende kwa Prof, nenda kantini ukawatafute marezidenti wa mwaka wa pili uwaulize maswali matatu: eko umefanya ngapi kwa mkono wako, kathilabu unashika au unaangalia kwenye kioo, na mara ya mwisho kulala usiku mzima ni lini. Wakicheka kabla ya kujibu, ongeza swali moja tu, mnakula wapi. Wa mwaka wa kwanza usiwaulize, bado wana matumaini, wa mwisho nao usiwaulize, wanataka kuondoka.

Kama umeshaamua, basi nunua viatu vya kufunika vidole na stetoskopu nzuri yenye kengele ya kweli, uiandike jina kwa rangi ya kucha maana zinaibiwa hadi na malekchara. Aproni ya risasi usinunue ni hela nyingi, ila zile za hospitali kagua mabegani kama hazijapasuka. Na kaliper ya kupimia ECG usipoteze hela, chukua karatasi tupu, iweke chini ya mawimbi, chora vistari viwili kwa kalamu kwenye pigo na pigo, alafu isogeze mbele uone kama vinalingana. Hiyo nayo alinionyesha sista, usiku, na boksi lake la glavu.