Hisa za Soko la Nairobi au Sacco: ulinganisho kwa mwekezaji wa Kisumu

Sacco inaeleweka haraka. Unalipa hisa za uanachama, unaweka akiba kila mwezi, kisha unakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako. Kasoro yake ni kutoka: akiba hudai notisi, kwa kawaida siku 60, na ukiwa mdhamini wa mkopo wa mtu, inabaki imefungwa. Hisa zenyewe hazirudishwi. Unamhamishia mwanachama mwingine.

Kwenye Soko la Hisa la Nairobi, unafungua akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako, kupitia dalali au benki, ukiwa na kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) na namba ya akaunti ya benki. Ukiuza, pesa huja siku ya tatu ya kazi, mradi mnunuzi apatikane. Hisa za kampuni ndogo zinaweza kukaa siku kadhaa bila mnunuzi, jambo ambalo madalali hawalitangazi sana.

Nguvu ya soko ni ufichuzi. Kampuni lazima itoe hesabu zilizokaguliwa, na faida ikitarajiwa kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, itoe onyo mapema. Lakini onyo si bima. Kampuni ya sukari ya Mumias Sugar iliorodheshwa sokoni 2001; ilipowekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekusanya deni la wakopeshaji, biashara ya hisa zake ilisimamishwa, na wakulima wengi wa miwa waliozishika hawakuwa na pa kuziuza.

Ukihitaji mkopo wa karo, nenda Sacco. Soko ni la pesa usiyoigusa miaka mitano.