Fainali ya Mwaka 1930 Yasimuliwa kwa Kiswahili Bombo: Tathmini ya Onyesho

Kibanda cha video kilicho karibu na soko hapa Bombo, Uganda, ambacho siku za kawaida huonyesha ligi ya Uingereza na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda, sasa kinatenga jioni moja kwa mechi za kale zinazosimuliwa kwa Kiswahili. Nilihudhuria onyesho la fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, iliyozikutanisha Uruguay na Argentina mjini Montevideo tarehe 30 Julai 1930. Kiingilio ni shilingi 2,000, na anayestahili fedha hiyo ni msimulizi kuliko picha.

Filamu iliyosalia ni vipande vifupi visivyo na sauti, kwa hiyo anayetarajia kuyaona mabao yote kwa ukamilifu atanung'unika. Msimulizi, mzee mwenye sauti ya utulivu, alilijua hilo. Kabla ya kuwasha projekta alichora ubaoni kwa chaki mlango wa mto Río de la Plata, akaweka Montevideo upande mmoja na Buenos Aires ng'ambo, akaeleza jinsi mashabiki wa Argentina walivyovuka kwa meli kuifuata timu yao. Alikumbusha pia kwamba Uruguay ilikuwa imetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1924 na 1928, mara ya pili kwa kuifunga Argentina hiyo hiyo mabao 2-1 katika mechi ya marudiano mjini Amsterdam, ilhali Argentina ilikuja ikiwa bingwa wa Amerika Kusini wa mwaka 1929. Sisi tuliokulia kwenye utani wa Kombe la Gossage, ambalo lilianza kuzikutanisha Kenya na Uganda mwaka 1926, tulielewa mara moja uzito wa kufungwa na jirani.

Sehemu iliyonivutia zaidi ilikuwa ugomvi wa mpira. Kila upande ulikataa kuchezea mpira wa mwenzake, hata ikaamuliwa kwamba kipindi cha kwanza utumike wa Argentina na cha pili wa Uruguay. Msimulizi aliyapanga mabao juu ya kisa hicho kwa ustadi: Dorado alitangulia kuifungia Uruguay dakika ya 12, Peucelle akasawazisha dakika ya 20, kisha Stábile akaipa Argentina uongozi dakika ya 37 kwa bao ambalo nahodha Nasazzi alilipinga akidai kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Baada ya mapumziko, Cea alisawazisha dakika ya 57, Iriarte akaongeza dakika ya 68, na Castro akamaliza kazi dakika ya 89, matokeo yakawa 4-2.

Askari mmoja aliuliza, "Mzee, ina maana mpira ndio ulioshinda?" Akajibiwa, "Afande, mpira haujifungi wenyewe," na onyesho likaendelea. Jibu hilo ni sahihi, lakini swali lilistahili muda zaidi, kwa kuwa Varallo wa Argentina aliicheza fainali hiyo akiwa na goti linalouma, katika enzi ambayo mchezaji aliyeumia hakuweza kubadilishwa. Bila jambo hilo, mtazamaji huondoka akidhani kwamba ngozi na nyuzi za mpira zinaeleza kila kitu.

Kuhusu Castro, hata hivyo, mzee huyo hakuharakisha. Alieleza kwamba mtu huyo, aliyepoteza sehemu ya mkono wake wa kulia kwa msumeno wa umeme akiwa kijana mdogo, ndiye pia aliyefunga bao la kwanza katika uwanja wa Centenario ulipofunguliwa tarehe 18 Julai kwa mechi ya Uruguay na Peru, siku katiba ya nchi hiyo ilipotimiza miaka 100. Ukumbi mzima ulinyamaza kumsikiliza.

Kasoro kubwa ni kelele za mashabiki wa siku hizi, pamoja na mavuvuzela, ambazo fundi wa mitambo alizibandika juu ya picha za mwaka 1930. Zinamfunika msimulizi na kuipotosha enzi yenyewe, na ningependa ziondolewe kabisa. Mabenchi hayana migongo, na jenereta hunguruma nyuma ya ukuta wa kushoto, kwa hiyo anayetaka kusikia vizuri afike mapema aketi kulia. Watoto wa shule wanaoelewa Kiswahili wangefaidika sana na onyesho hili, na wenye kibanda wangefanya vyema kuwatengea mchana wa Jumamosi.